Mabasi mangapi yanatosha njia moja ya mwendokasi?

mdau_mipango: Wakuu, Dar ilikuwa na watu milioni 4.36 sensa ya 2012, ikafika milioni 5.38 mwaka 2022. Kwa mji unaokua hivi, idadi ya mabasi ya njia moja ya mwendokasi (mabasi yaendayo haraka, yenye njia yake peke yake) inapatikanaje?

fundi_ratiba: Mkuu, usianze na idadi ya watu. Anza na abiria wa saa ya msongamano, upande mmoja, kwenye kipande kinachojaa zaidi. Tuseme 9,000. Basi la mita 18 linabeba 150, ila lipangie 85%, yaani 127. Unahitaji mabasi 71 kwa saa. Kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri kituo cha mwisho, kukichukua dakika 90, ni 71 × 1.5 = 107. Ongeza 10% ya yaliyo matengenezo: 118. Akiba hii ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana, na abiria ndio wanaoumia.

bi_ramani: Mabasi 71 kwa saa ni moja kila sekunde 50. Kituo chenye nafasi moja ya kusimama, basi likishusha na kupakia kwa sekunde 40, foleni haikwepeki. Weka nafasi mbili na njia ya kupishana, kama njia ya mwendokasi ya Kimara–Kivukoni hapa Dar.

mtaa_kwa_mtaa: Karakana nayo! Ya Jangwani iliwekwa bonde la Msimbazi, ikafurika. Chagua kiwanja kilichoinuka, karibu na mwisho wa njia, ili mabasi yasitembee matupu alfajiri.