Mrejesho: Kikundi chetu cha kupunguza uzito hapa Mbeya

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kuwatia moyo wanakikundi wetu, kwa kuwa baridi ya Juni na Julai ilikuwa ikiwafungia watu ndani, na upimaji wa kilo mbele ya wenzao uliwakatisha tamaa wale ambao uzito wao haukushuka. Nawashukuru kwa majibu yenu.

Lililotusaidia zaidi ni kuacha kutangaza kilo. Kila mmoja sasa hupima kiuno chake kwa tepu ya fundi cherehani na kuandika kwenye daftari lake mwenyewe, na mama mmoja aliyekuwa ameacha kuja amerudi, jambo lililonifurahisha mno.

Ugali na wali wa Kyela hatukuviacha, ila tumepunguza kipimo, na nusu ya sahani ni chainizi au figiri. Mafuta tunayapima kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu, kwani gramu moja ya mafuta ina kalori 9 ilhali ya wanga ina 4. Kwa sababu hiyo hiyo, tukila parachichi, ambalo kwa kweli ni chakula bora ila lina mafuta mengi, tunakula nusu, na mboga za siku hiyo huchemshwa tu.

Matembezi tumeyahamishia saa kumi jioni ili kukwepa baridi ya asubuhi. Walioko Makete, kwenye baridi kama yetu, watanielewa.

Mwenzetu mwenye kisukari anayetumia dawa tumemsihi aonane na daktari kabla ya kupunguza milo, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla.