Wateja wa "si unaosha tu?" mmenichosha! Kuokoa mbao ya nje si kupiga deki

Wakuu, habari za jioni.

Leo nimekuja na povu, mnisamehe mapema. Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kazi ya kuosha kwa mashine za presha na kurudishia uhai mbao za nje: milango, deki (zile sakafu za mbao za nje), pagola (vivuli vya nguzo na mihimili), mageti, viti vya bustani. Dar naizunguka na kirikuu ya kukodi, Masaki, Mbezi Beach, Kigamboni, mara nyingine mpaka Bagamoyo. Nimemeza mengi, ila hili la mwezi huu limenikaba kooni.

Kuna nyumba moja ya wageni ufukweni, jina nalihifadhi. Wana deki ya mtiki ya mita za mraba 70 inayotazama bahari, na mlango mkubwa wa mkongo pale mapokezi. Meneja alinipigia mwanzoni mwa Septemba. Nikamwambia nije kwanza niione hiyo deki ndipo nitaje bei. Akacheka. "Fundi, uje kuona nini? Si kupiga deki tu hiyo?"

Nikadhani ananitania.

Nilipofika nikaelewa kwa nini ana haraka. Wiki moja nyuma walimwita kijana wa kar wash pale barabarani, wakampa elfu 50, akaja na mashine yake ya petroli akaichapa ile deki kama anaosha chesisi ya Fuso. Kila bunduki ya maji ilipopita imeacha mfereji. Ukipitisha kiganja unakuta mbao imesimama manyoya kama mbuzi aliyenyeshewa. Karibu na ngazi, nadhani alisimama kupokea simu bila kuachia kidole, maji yakachimba shimo la kulaza kidole gumba. Meneja ananionyesha huku anasema "hapa pamebaki pachafu kidogo". Pachafu! Mbao imechinjwa hiyo.

Mashine ya namna ile inasukuma bar 200 na ushee (bar ni kipimo cha presha). Kwa zege na pevingi hakuna ubaya, lakini ukiifunga bunduki ile ncha nyekundu, ya digrii 0, maji yanatoka kama msumari. Mbao mimi siipigi zaidi ya bar 60, tena kwa ncha nyeupe ya digrii 40 inayotawanya maji, bunduki iko sentimita 30 kutoka kwenye ubao, na naifuata nyuzi kwa urefu wake, sikatizi. Kazi kubwa inafanywa na dawa na brashi. Maji ni ya kusuuza tu. Mtiki uliokaa miaka mitano kwenye jua la pwani uso wake umeshachoka. Jua linakula lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ndiyo maana mbao inageuka kijivu. Ule ujivu ni tabaka jembamba sana, chini yake mbao nzima iko salama inakungoja. Ukija na bar 200 unaondoka na ujivu pamoja na nyama.

Na yule kijana simlaumu sana. Mimi mwenyewe nimeanzia kar wash, na kazi yangu ya kwanza ya mbao nililimwagia geti la mvule klorini ya bwawa la kuogelea nikidhani naua ukungu. Ukungu ulikufa kweli. Misumari nayo ikatokwa machozi ya kutu wiki nzima, na mbao ikapauka kama mtu aliyejipaka mkorogo. Geti lile nililipa kwa awamu, miezi minne. Kwa hiyo ujinga huu naujua kwa ndani. Ninayemlaumu ni mwenye mali anayeona tofauti ya elfu 50 na milioni akahitimisha kwamba wa milioni ni mwizi.

Tukakubaliana 2,400,000 kwa deki, ngazi na mlango. Akaomba tupunguze, nikapunguza mpaka hapo, nilianzia juu zaidi. Advansi milioni 1. Kila kitu kiko WhatsApp, mkataba wa karatasi hatukuandikiana, na hapo najua mtanichapa kwenye maoni. Nichapeni tu.

Sasa oneni hesabu. Mafuta ya mbao makopo manne ya lita 5, laki 4 na 80. Vijana wangu wawili siku tano, 25,000 kila mmoja kwa siku, laki 2 na nusu. Kirikuu kwenda na kurudi na vyombo, laki 1. Msasa, brashi, asidi, glavu na vikorokoro, 115,000. Petroli 45,000. Halafu maji. Walinihakikishia maji yapo, nimefika tenki linalia kang'a kang'a, mgao. Mashine yangu inakunywa lita 13 kwa dakika, simtanki la lita 1,000 linaisha kwa saa moja na robo hivi. Nikaita boza, 70,000, kutoka mfukoni kwangu. Jumla 1,060,000. Mpaka namaliza kazi ya watu, mimi ndiye niliyekuwa nawadai elfu 60 za gharama, kabla hata ya kuhesabu jasho langu na uchakavu wa mashine.

Siku ya kwanza na ya pili ni msasa. Namba 60, ule mkali, kufuta ile mifereji, halafu namba 80, laini kidogo. Watu huwa wanauliza mbona sipandi mpaka 150 mbao ing'ae kama meza ya ofisini. Ukiilainisha hivyo matundu yanaziba, mafuta yanaelea juu, mvua ya kwanza yanaondoka. Vijana wangu walipiga magoti kwenye deki ile kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni, vumbi la mtiki mpaka kwenye kope. Nafuu mtiki, mvule vumbi lake linawasha mpaka unajuta kuzaliwa.

Siku ya tatu tukasugua kwa dawa ya unga ya oksijeni, ile isiyo na klorini, tukasuuza, tukafuata na asidi ya oksaliki. Hapa ndipo napendea kazi hii. Unapaka asidi kwa brashi, ubao uko na rangi ya chai iliyochacha, unageuka kuchukua ndoo, ukirudi unakuta rangi ya asali mbichi inapanda toka chini. Wageni wawili walitoka vyumbani wakawa wanapiga picha. Meneja naye akapiga, akaweka status, "tunawaboreshea mazingira wapendwa wateja wetu". Sikutajwa lakini poa.

Halafu tukangoja siku mbili ikauke. Meneja hakutaka kungoja. Eti anaona tumekaa tu, na yeye Jumamosi ana sendoff ya watu 200. Nikamwonyesha kipima unyevu: asubuhi ya kwanza kinasoma asilimia 22, mimi nataka chini ya 15. Ukifungia maji ndani ya mbao yatatafuta pa kutokea, na yatatoka na mafuta yako. Akanung'unika akaondoka. Tukapaka mkono wa kwanza Jumatano, wa pili Alhamisi, na kila mkono tunafuta ziada kwa matambara.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Wale mnaopaka mafuta ya kitani nyumbani, matambara yake msiyakunje mkayatupa kwenye ndoo ya taka. Yanapokauka yanazalisha joto, yakiwa yamerundikana yanawaka yenyewe bila kiberiti. Stoo yangu nusura iondoke hivyo 2021. Yatandazeni yakauke juani au yazamisheni kwenye maji. Msafishaji wa pale alishayafunga kwenye mfuko wa plastiki akaweka chini ya ngazi ya mbao, nikayawahi. Hilo nalo halikuwa kwenye bei.

Tuendelee. Alhamisi jioni nikamwandikia meneja, neno kwa neno: "Kaka, deki isikanyagwe na isiwekewe kitu mpaka Jumapili. Isimwagiwe maji wiki nzima. Vyombo vya chuma visikae juu yake vikiwa na maji." Tiki mbili za bluu. Akajibu kwa dole gumba.

Ijumaa mchana hema limeshasimama juu ya deki. Jumamosi sendoff ikapigwa. Jumapili asubuhi wasafishaji wakamwaga ndoo za maji na sabuni ya unga WAKAPIGA DEKI, safari hii kweli kabisa! Kisha wakapanga viti vya chuma juu ya mbao mbichi iliyolowa. Mnavijua vile viti vya kukodi, mipira ya miguuni ilishatoka enzi hizo. Vikakaa hapo mpaka Jumanne gari la kuvichukua lilipokuja.

Mbao ina tanini, kama chai. Tanini ikikutana na chuma na maji inageuka nyeusi, wino wa zamani Ulaya ulikuwa unatengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo Jumanne deki ya rangi ya asali ilikuwa na vidoti vyeusi vinne vinne kwa mamia, kama mtu kachezea muhuri. Napigiwa simu: "Fundi, umetuwekea mafuta feki. Deki imeoza."

Imeoza! Baada ya siku tano!

Nikaenda, nikachukua kiti kimoja, nikakisimamisha juu ya vidoti vinne. Miguu imeingia hapo hapo kama ufunguo na kufuli. Meneja akaangalia kiti, akaangalia baharini, akasema: "Mimi si mtaalamu, lakini mafuta mazuri yangezuia."

Tangu siku hiyo ni danadana. Bosi yuko safari. Bosi karudi ila anaumwa. Njoo mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi mhasibu kaja na mpya: "Tumeshakata kodi yako ya zuio, asilimia 5." Yaani ile kodi mlipaji anayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini. Dada yangu, kateni, sheria ipo na mimi nina TIN, namba ya mlipakodi, sina ugomvi. Ila asilimia 5 ya shilingi ngapi, kama 1,400,000 yangu hamjanipa? Na cheti cha hiyo kodi kiko wapi? Kimya. Na mlango wa mkongo, ambao hauna doti hata moja, hauzungumzwi kabisa.

Wakuu, hili si la meneja mmoja. Mama mmoja wa Mbezi, mtu mzima, namwamkia vizuri, ananikaribisha chai, nikamuoshea pevingi uani mpaka rangi nyekundu ikarudi. Nikamwambia mama, presha imetoa mchanga wa kati ya bloksi, lazima turudishie tushindilie, la sivyo zitaanza kucheza. "Mwanangu, mchanga si utarudi wenyewe na mvua?" Akagoma kulipia. Masika ilipokuja bloksi zikazama pale gari linapolala, na mtaa mzima unaambiwa ni mimi.

Au Unguja, 2022. Jamaa ana nyumba Mji Mkongwe, eneo ambalo tangu mwaka 2000 lipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ana mlango wa nakshi wa mababu, na anataka niupige presha "utoke vumbi". Na nikimaliza nishushe presha kwenye ukuta! Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa! Bunduki ile ingekomba chokaa yote kama anayelamba ukoko. Nikamfanyia mlango kwa brashi ya nywele laini na kitambaa siku tatu. Akanilipa nusu, kwa sababu "hata mashine hukuiwasha".

Hapo ndipo hasira zangu zote zilipo. Mashine ikiunguruma na maji yakiruka mpaka juu ya paa, mteja anaona kazi imefanyika. Ukimwokolea mbao yake kimya kimya kwa brashi, anaona umekuja kushinda kwake. Wanalipia kelele.

Sasa naombeni msaada wa kweli, si kejeli. Kuna aliyewahi kudai hela ya ufundi mahakama ya mwanzo akiwa na meseji na picha tu? Picha ninazo, za kabla, za katikati, na ya kile kiti kimesimama juu ya vidoti. Na mnaofanya kazi na mahoteli, advansi mnachukua asilimia ngapi kabla ya kushusha vyombo? Naona asilimia 40 ni kujitafutia presha, tena ile ya moyo.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Wakati nawajibu huko chini meseji imeingia kutoka kwa meneja. Naibandika ilivyo: "Fundi habari. Ijumaa tuna kipaimara hapa, njoo na ile dawa yako utoe hivi vidoti, ni kazi ndogo tu ya kuosha. Hela zote tutamalizana siku hiyo hiyo."

Nimemtumia namba ya akaunti, na picha ya kiti.