Chombo cha bronzi kina kizibo karibu na kitako: kilitoboka?

Mpenda_Vyombo: Wakuu, salaam. Nimepewa chombo cha maua cha bronzi, kazi ya mkono, kimesubiwa kwa njia ya nta. Nje kimenyooka vizuri, ndani kimeparuza. Karibu na kitako kuna kiduara chenye rangi tofauti kidogo, kama tundu lililozibwa. Je, kilitoboka kikafichwa? Halafu upande mmoja pameanza ukijani. Nisugue kwa ndimu na chumvi?

Fundi_Kalibu: Kwanza, weka ndimu na chumvi mbali kabisa, nitakueleza.

Hicho kizibo kisikutie wasiwasi. Chombo chenye uwazi huanza na kiini cha udongo. Fundi hukivisha nta kwa unene anaotaka bronzi iwe nao, anachora nakshi zake kwenye nta, kisha anaifunika kwa udongo laini unaoingia kila mstari, na juu yake udongo mzito; ganda hilo la udongo ndilo kalibu. Kalibu ikichomwa, nta inatiririka nje, na bronzi iliyoyeyushwa inamiminwa mahali pake. Sasa kiini kinashikwa na nini kisianguke? Pini! Zilichomekwa mapema, zikapita kwenye nta mpaka ndani ya kiini. Ni za chuma, maana bronzi humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi na chuma hakiyeyuki hapo. Kiini kikisogea kidogo tu, ukuta unakuwa mnene huku na kutoboka kule. Bronzi ikishapoa, kalibu inavunjwa, pini zinang'olewa, matundu yanazibwa kwa bronzi na kupigwa tupa mpaka kidole kisihisi kitu. Mimi nikishika chombo cha namna hii, vizibo ndivyo ninavyovitafuta kwanza. Na huko kuparuza kwa ndani ni sura ya kile kiini cha udongo.

Tanuri: Mkuu, mbona kuna karakana zinatoa vyombo kumi vinavyofanana?

Fundi_Kalibu: Wanasubu nta nyingi kutoka kalibu moja ya mpira. Bado kila nta inayeyuka mara moja na kila kalibu ya udongo inavunjwa, kwa hiyo kazi ya tupa na patasi inarudiwa kwa kila kimoja. Ila ukitaka kuona mkono wa mtu ulivyoweza, tazama picha za chungu cha Igbo-Ukwu, Nigeria, cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita: kimezungushiwa wavu wa kamba, na kamba zenyewe ni bronzi. Hakuna kazi ya kusubu ninayoiheshimu kuliko ile.

Mpenda_Vyombo: Ahsante sana, fundi. Na ukijani?

Fundi_Kalibu: Uguse kwa kijiti cha mti. Kama umeshikana na laini, ni ngozi ya bronzi tu, uache. Kama ni unga wa kijani kibichi unaopukutika na kurudi kila ukifutwa, hiyo ni kloridi, aina ya chumvi, inaila shaba iliyo ndani ya bronzi, na chumvi yako ingeilisha zaidi. Ndimu nayo ingeng'oa rangi yote aliyoipika fundi kwa moto na dawa. Safisha kwa maji yaliyotoneshwa na brashi laini, kausha kabisa, paka nta ya nyuki nyembamba, ing'arishe kwa kitambaa. Ukijani ukiendelea kurudi, mpelekee mhifadhi wa vyombo vya kale.

Mpenda_Vyombo: Maua mabichi je?

Fundi_Kalibu: Tia bilauri ya kioo ndani, maji yakae humo.