Maduka ya mtandaoni yapeane taarifa za matapeli wa kadi, au watakaoumia ni wateja?

Wakuu, kuna hoja kwamba sisi wenye maduka mtandaoni tuwe tunapeana taarifa za oda za kitapeli, yaani akishakupiga wewe leo mimi nijue kabla hajanifikia. Mimi naunga mkono. Mwizi wa kadi anahitaji namba zilizoandikwa kwenye kadi tu, anaagiza, mzigo unatoka, wiki kadhaa baadae mwenye kadi halisi anaona muamala asioujua analalamika benki, anarudishiwa hela yake na mimi nakatwa, mzigo ndo umeshaenda na ada juu natozwa. Nimepigwa mara mbili, majina tofauti ila anwani ya kupokelea mzigo ni ile ile. Kuja kuongea na mwenzangu wa duka lingine, kumbe naye anaijua! Wezi wenyewe wanauziana namba kwa mafungu na wanazijaribisha kwa programu za kompyuta zinazojiendesha, vihela vidogo vidogo duka hili na lile, sisi kila mtu kajifungia kwake.

JIBU: Pole mkuu, ila hiyo orodha ya matapeli nani anaifuta? Mimi nilihamia nyumba ambayo nahisi mpangaji aliyetoka alikuwa na mambo yake, kila nikiagiza oda inakataliwa na hakuna wa kuniambia kwa nini. Na msije mkasema namba ya kadi imegeuzwa msimbo usiosomeka kwa hiyo iko salama. Kadi nyingi zina tarakimu 16, sita za mwanzo zinataja benki, nne za mwisho zinaonekana kwenye risiti, zinabaki sita, na kwa vile ya mwisho kabisa ni ya kuhakiki zingine, za kubahatisha ni 100,000 tu. Kompyuta inazigeuza msimbo zote na kulinganisha na wenu, hata jasho haitoki.

JIBU: Hapo kwenye anwani umenikamata aisee. Basi namba za kadi tusipeane kabisa, na anwani iwe ya kushtuana tu, isiwe ya kumfungia mtu, oda isimame kidogo mteja athibitishe kwa benki yake kwa namba ya kuthibitisha inayotumwa kwenye simu, na akithibitisha kwa kawaida hasara ya utapeli inahamia kwa benki, mi nalala usingizi. Ulaya sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, iliyoanza kutumika 2018 inakubali kuzuia utapeli kama sababu halali ya kutumia taarifa za mtu, ila mwenyewe ana haki ya kuziona na kudai zisahihishwe. Na kwetu ikipita miezi 6 bila tukio jipya, anwani ijifute yenyewe kwenye orodha. Ungekubali hivyo, au bado?