Gharama ya kuhamishia mashine ya kufulia ghorofa ya juu

Muulizaji, Tudor: Assalaam aleikum. Mashine yetu iko chini karibu na jikoni, ilhali nguo huanikwa juu ya paa, na mama hawezi tena kupanda ngazi akiwa na beseni la nguo mbichi. Fundi ametaka shilingi 85,000 kuihamishia ghorofa ya pili, bila kuchanganua bei ya kila kazi. Je, hiyo ni haki?

Jibu la kwanza: Waaleikum salaam. Usikubali jumla tupu. Bomba la kuingiza maji si ghali. Kinachokula fedha ni njia ya maji machafu, kwa kuwa bomba la milimita 50 huhitaji mteremko wa takriban sentimita 1 kwa kila sentimita 40, na bafu likiwa mbali, hapana budi sakafu ivunjwe. Mimi niliiweka ukuta mmoja na bafu, gharama ikapungua karibu nusu.

Jibu la pili: Aidha, pima kimo cha tangi lako. Kila mita moja ya kimo huleta msukumo wa maji wa takriban baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo mashine iliyojaa upesi huko chini huenda ikangoja maji karibu na paa, nawe ukalazimika kununua pampu.

Muulizaji: Ahsanteni. Tangi liko mita 2 tu juu ya sakafu hiyo, na fundi hakutaja pampu kabisa. Nitamrudishia karatasi yake aiandike upya.