Irreplaceable ya Beyoncé: je, kama nyumba haina jina lako?

MamaDagaa, Kibirizi

Habari zenu. Juzi nilikuwa saluni hapa Mwanga, Kigoma, nasuka, wakaweka video ya Irreplaceable, ule wimbo wa Beyoncé wa 2006. Wasichana wote wakaimba, hata wasiojua Kiingereza walinyoosha mkono kushoto pale mwanaume anapoambiwa vitu vyake viko upande gani. Nikamwomba binti anayenisuka anitafsirie mstari kwa mstari. Tangu hapo sijalala vizuri.

Yule dada hapigani na mtu. Mwanaume amemsaliti, sasa anafungasha, teksi inamngoja, anaambiwa aache funguo, na gari lina jina la mwanamke. Nyumba ni ya mwanamke. Sasa mimi?

Mume wangu anavua dagaa kwa taa. Miaka 14 naishi kwa kuhesabu mwezi: giza likiingia anakwenda ziwani, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala mchangani, maana taa haivuti dagaa kukiwa na mwanga. Mwezi uliopita akaniaga usiku wa mwezi mpevu, eti anakwenda kuvua. Nilisimama mlangoni nikamwona mpaka kona ya mwisho, kulikuwa kweupe kama alfajiri. Sikuhitaji kupekua simu yake.

Kiwanja kina jina lake. Bati, saruji na mlango wa mbele vimetokana na dagaa nilioanika mimi na kuwapakia treni ya Tabora. Naomba mniambie ukweli: dada wa kwenye video ana nguvu kwa sababu ya moyo wake, au kwa sababu ya hati?

Mvuvi_Katonga

Pole dada. Wimbo huo aliuandika mwanaume, Ne-Yo, na wenzake, na Marekani ulikaa namba moja wiki 10. Mimi naupenda kwa sababu aliyesalitiwa haombi wala haulizi kosa lake ni nini. Lakini usimhukumu mwenzio haraka. Wapo wanaotega makila, zile nyavu za kutega zisizohitaji taa, hata mbalamwezi.

WifiWaUjiji

Mama, hati ina nguvu, ila haimalizi maneno. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114: ndoa ikivunjwa, mahakama inaweza kugawa mali mliyochuma pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja, uwe fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Wewe umeanika dagaa juani miaka yote hiyo! Tena kifungu cha 59 hakimruhusu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa yako.

Ila nikwambie na upande wa pili, kwa sababu nakupenda. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, maana mahakama iliona mume alishampa fedha naye akazitapanya. Kwa hiyo weka hesabu zako sawa. Ukifika huko, unaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Na usitoke kwenye hiyo nyumba kwa hasira.

MamaDagaa, Kibirizi

Kaka wa Katonga, makila hana. Tuna nyavu za dagaa tu, na asubuhi ile nilizikuta uani zimekunjwa vilevile nilivyozikunja mimi, kavu.

Wifi, nimesoma maneno yako mara tatu, ya mwisho kwa sauti. Risiti za bati ninazo, zimo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. Zimeandikwa jina langu kwa sababu mwenye duka alinizoea mimi, ndiye niliyekuwa nakwenda kulipa kidogo kidogo. Sijawahi kuzitazama kama kitu.

Giza linaanza Jumatatu. Nitamwacha aende ziwani, arudi, dagaa waanikwe, ndipo tukae tuzungumze, kopo likiwa mezani.