Marathoni ya mteremko sio mteremko, ila dakika za adhabu naziunga mkono

Mleta mada
Wakuu tulijadili hili bila kutukanana. Waandaaji wa Boston Marathon kule Marekani, ambayo wengi huingia kwa kuonyesha muda waliokimbia kwenye marathoni nyingine, wameamua kuanzia mbio za 2027 ukileta muda wa kufuzu uliokimbia kwenye njia inayoshuka kwa jumla futi 1,500 na kuendelea, yani kama mita 457, unaongezewa dakika 5. Ikishuka futi 3,000 na zaidi ni dakika 10, na ikifika futi 6,000 muda wako hawaupokei kabisa. Watu wamenuna balaa, na hoja nayoisikia sana ni hii ya "njoo uone miguu yangu siku ya pili ndo uniambie nimebebwa".

Sasa mi nimekimbia moja ya hizo, ilishuka zaidi ya mita 1,000, nikapata muda ambao sijawahi kuuota, alafu siku nne nzima nikawa nashuka ngazi kinyumenyume nimekumbatia ukuta. Na bado nasema adhabu ni haki. Maumivu ni ya kweli na kubebwa nako ni kwa kweli, kimoja hakifuti kingine.

KokotoBarabarani
Sikuungi mkono mkuu. Ukishaua mapaja kilomita ya 30 hakuna mteremko utakaokusaidia, mi nimeona watu wanatembea huku njia inashuka. Aliyebebwa na aliyefia njiani wote wanapigwa rungu moja la dakika 10, hiyo ndo haki?

Mleta mada
Aliyefia njiani hakufuzu ndugu yangu, kwa hiyo rungu halimgusi. Linamgusa aliyefika na muda mzuri, na huyo kwa kiasi fulani ni mteremko umemfikisha.

NgaziAdui
Kabla hamjaendelea nisaidieni, kwani yale maumivu yanatoka wapi hasa? Kocha wetu kila siku anasema ni asidi ya laktiki imeganda ndani, nenda kakandwe itoke.

MguuWaBati
Hiyo ya laktiki iacheni jamani, ile inaondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi ukishasimama, sa itakuumizaje keshokutwa? Maumivu haya yanaanza taratibu na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72, na shida ni breki. Ukipanda kilima msuli wa mbele ya paja unavuta huku unajifupisha, ukishuka kila ukitua unavuta huku unarefushwa kwa nguvu, kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe na ng'ombe anamzidi, anakaza lakini anaburuzwa. Nyuzi za msuli zinachanika vidogovidogo, mwili unaleta uvimbe wa kutengeneza, ndo hapo ukigusa tu paja unapiga kelele. Kinachowadanganya watu ni kwamba kushuka kunatumia pumzi kidogo, moyo umetulia unajiona bingwa, kumbe mapaja yanaandika deni.

Kukandwa kunapunguza maumivu kidogo, maji ya barafu vilevile, ila hakuna kinachoshona nyuzi haraka zaidi ya kula, kulala na kutembeatembea. Dawa kama ibuprofeni muwe nazo makini, hasa zile za kumeza kabla au katikati ya mbio, mwili umekauka maji alafu unabebesha figo mzigo mwingine. Na mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi au kola hapo sio mambo ya kujadiliana humu, nenda hospitali muda huohuo.

KokotoBarabarani
Asante kwa darasa, lakini hapo umenisaidia mimi. Kama kushuka kunachana misuli hivyo basi ni ugumu wa aina nyingine, sio urahisi. Waulizeni wa mbio ndefu za Comrades kule Afrika Kusini, mwaka mmoja wanapanda kutoka Durban mwingine wanashuka kutoka Pietermaritzburg, na wengi wanakwambia mwaka wa kushuka ndo unaowamaliza miguu.

Alafu mbona hamsemi Boston yenyewe inashuka? Kama mita 140 kutoka Hopkinton inapoanzia hadi mjini. Mkenya Geoffrey Mutai 2011 alikimbia pale 2:03:02, haraka kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, shirikisho la riadha la dunia likamkatalia kwa sababu kanuni za rekodi zinataka njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, na mwanzo na mwisho visiachane zaidi ya nusu ya umbali wa mbio. Leo Boston hiyohiyo inatupa sisi adhabu!

Mleta mada
Hapo umenishika, na siku ile upepo nao uliwasukuma kweli. Ila angalia, Mutai hakusema "nimeumia mapaja nipeni rekodi". Alishinda mbio, muda ukabaki muda wa njia ile. Ndo nachosema hata kwetu, medali ni yako, muda ni wako, ila nafasi za Boston zina kikomo na kuna mtu kakimbia tambarare kakosa kwa dakika moja. Huyo naye miguu ilimuuma, tena hakubebwa na kitu.

Nachokubaliana na wewe ni hizo ngazi za adhabu. Njia ya futi 1,490 haiguswi, ya 1,500 dakika 5 nzima. Hapo wamekata kwa panga.

NgaziAdui
Mimi nimeshajiandikisha moja ya mteremko, bado wiki sita. Nifanyeje nisife?

MguuWaBati
Anza kushuka sasa hivi, kidogokidogo, mara moja kwa wiki, hatua fupi na usijizuie kwa kisigino. Msuli ukichanika kidogo mara moja unakumbuka, safari ijayo unaumia kidogo kuliko mara ya kwanza, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Wiki mbili za mwisho pumzisha mapaja. Na baada ya mbio maumivu yakiisha siku ya tano usidhani umepona, nguvu ya msuli inachelewa kurudi kuliko maumivu kuondoka, usiende kukimbiza mtu.

NgaziAdui
Sawa mkuu. Dakika 5 wachukue tu, nyumba yenyewe ninayokaa ni ghorofa ya tatu.